Nani alimuua Chuckie Sol? Kisa cha Batman kubambikiwa mauaji

Gari linapasua ukuta wa jengo la maegesho, linavuka barabara likiwa hewani na kujibamiza kwenye jengo la ng'ambo. Dereva ni Chuckie Sol, mmoja wa wakubwa wa genge, na safari yake ya duniani inaishia hapo. Watu wanatoka kutazama kishindo. Wanainua macho hadi kwenye tundu lililoachwa na gari, na tunduni amesimama mtu mwenye joho jeusi na masikio mawili yaliyochongoka. Hakuna hata mmoja wao aliyeona kilichotangulia. Lakini kabla vumbi halijatua, mji mzima umeshajua muuaji ni nani.

Ndivyo inavyoanza Batman: Mask of the Phantasm, filamu ya katuni ya Warner Bros. iliyoingia kwenye kumbi za sinema za Marekani tarehe 25 Desemba 1993. Waongozaji ni Eric Radomski na Bruce Timm. Waandishi ni Alan Burnett, Paul Dini, Martin Pasko na Michael Reaves. Ni kundi lilelile lililokuwa likitengeneza mfululizo wa televisheni wa Batman ulioanza Septemba 1992. Filamu nzima ina dakika 76. Wengi huikumbuka kwa mapenzi ya Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman bila kinyago, na Andrea Beaumont, na ni kweli moyo wake uko huko. Hapa tunaifungua upande wa pili, kama jalada la kesi: stelingi amebambikiwa mauaji, je, kwa ushahidi gani, kwa faida ya nani, na kesi hiyo iliishia wapi? Ambaye hajaiona na anataka kuiona bila kujua mwisho aachie hapa, maana muuaji anatajwa kwa jina.

Maegeshoni

Tuanze na mpangilio wa matukio, kwa sababu kesi hii imezaliwa na watu kutojali nini kilitangulia nini.

Genge limekaa kikao juu ya jengo refu kupanga jinsi ya kupitisha noti bandia kwenye kasino. Batman anaingia kwa kuvunja dirisha, ngumi zinaanza kuruka, na Chuckie anachomoka na mkoba wake kuelekea kwenye gari. Maegeshoni anakutana na mtu asiyemtarajia. Amevaa joho, uso umefichwa kwa kinyago kinachofanana na fuvu, mkono mmoja umeishia kwenye mundu wa chuma, na moshi umemzingira kama aliyetoka kwenye tanuri. Anamwambia Chuckie kuwa malaika wake wa mauti anamsubiri. Chuckie anapata kipigo, anajivuta hadi garini, anawasha na kukanyaga mafuta ili amgonge. Yule mtu hasogei. Anapisha mwishoni kabisa, na gari linaendelea na njia yake kupitia ukutani.

Batman anafika gari limeshatoka.

Kwa hiyo dhidi yake kuna kitu kimoja tu: alionekana pale. Wanasheria huuita huo ushahidi wa kimazingira, na hata kwa kipimo hicho ni mwembamba mno. Unathibitisha kwamba alifika; hausemi alifika lini. Kilichotakiwa hapo si maono bali ni upelelezi wa kawaida wa ajali. Alama za matairi zingesema mengi. Dereva anayekimbia hatari nyuma yake hukata kona kuitafuta njia ya kutokea, lakini anayelenga kumgonga mtu hunyoosha usukani na kuongeza mwendo. Gari la Chuckie lilinyooka kuelekea ukutani, maana yake mbele yake kulikuwa na mtu. Na kama mbele yake kulikuwa na Batman, wale jamaa aliokuwa akipigana nao kule juu walikuwa wanapigana na nani?

Swali hilo peke yake lingetosha kusimamisha kesi. Mashahidi wake wapo, ni majambazi waliokamatwa na kipigo bado kinawauma. Haionyeshwi popote kwamba kuna aliyewauliza. Anayefanya kazi ya polisi ni mtuhumiwa mwenyewe: Batman anachukua mabaki ya kemikali kutoka maegeshoni, anayaweka chini ya hadubini pangoni kwake, akiamini yametoka kwa chochote kile ambacho gari lilikigonga au kukaribia kukigonga. Alfred, mtumishi wake, anamletea taarifa za mji zinazomwita muuaji huku yeye ameinamia kioo. Ni tukio fupi, ila limebeba hali nzima ya kesi: aliyeshtakiwa ndiye pekee mwenye haraka ya kujua ukweli.

Kivuli kina jina, mtu hana

Kosa la mashahidi lingeonekana la kijinga kwenye filamu nyingine. Hapa linaaminika, na sababu yake iko kwenye karatasi.

Radomski, tangu mfululizo wa televisheni, alikuwa na utaratibu wa kuchorea mandhari juu ya karatasi nyeusi badala ya nyeupe. Kwa kawaida mchoraji wa katuni huanza na mwanga kisha huongeza giza. Gotham, mji wa Batman, ilichorwa kinyume: giza limeshakuwepo, kazi ya mchoraji ni kuongeza mwanga pale tu panapohitajika, ukingo wa jengo, taa ya dirishani, mvuke wa bomba. Kila kilichoachwa bila rangi kinabaki weusi mtupu. Michoro ya wahusika ya Timm nayo ina mistari michache na mabega mapana, watu wanaotambulika kwa umbo lao la nje kabla ya sura. Weka wahusika hao kwenye mji huo na unapata mahali ambapo kila mtu ni kivuli kwanza, mtu baadaye. Mtazamaji mwenyewe, akiwa ametulia kwenye kiti, humtambua Batman kwa joho na masikio. Hana haki ya kumcheka mpita njia aliyefanya hivyohivyo kutoka chini barabarani usiku.

Kuna jingine ambalo wengi hawaligundui hadi waangalie mara ya pili. Jina Phantasm liko kwenye jina la filamu na kwenye orodha ya waigizaji, lakini hakuna mhusika anayelitamka. Ndani ya Gotham muuaji hana jina. Mwenye jina ni mmoja tu: anavaa joho, anatokea usiku, anawawinda majambazi. Kitu kisicho na jina kinapofanya tukio, watu hukiazimia jina la kilicho karibu nacho. Waandishi wangeweza kumfanya muuaji aache kadi au kutuma barua kwa magazeti, kama wafanyavyo maadui wengine wa Batman. Wangefanya hivyo kesi ingekufa siku ya kwanza. Ukimya wake ndio uliomfunga mwingine.

Bronski

Mauaji ya pili yanafanyika makaburini. Buzz Bronski, mwenzake Chuckie, amekwenda kwenye kaburi la marehemu na kuwaacha walinzi wake kwenye gari. Mwenye kinyago anamtokea, anamkimbiza katikati ya makaburi, Bronski anatumbukia kwenye kaburi lililochimbwa likiwa bado wazi, na jiwe kubwa la ukumbusho linasukumwa juu yake. Walinzi wanakuja mbio wakati kazi imekwisha. Wanachoambulia ni umbo lenye joho linalotoweka. Kwao hilo ni Popo, yaani Batman.

Angalia tofauti ya mashahidi. Mara ya kwanza walimwona Batman kweli, wakakosea alichofanya. Mara ya pili hawakumwona Batman kabisa. Walimwona muuaji halisi na kumpa jina la Batman, kwa sababu habari ya kwanza ilikuwa imeshatangulia masikioni mwao. Yaani ushahidi wa tukio la pili umetengenezwa na uvumi wa tukio la kwanza, kisha wa pili unatumika kuthibitisha wa kwanza. Duara limefungwa. Nyasi za makaburini Batman anazipitia pia, zina mabaki yaleyale. Huo ndio uhusiano wa kweli kati ya vifo viwili, na umelala kwenye maabara ya mtu asiyeweza kwenda mahakamani kuutoa bila kuvua kinyago.

Hapo ndipo ugumu wa kumtetea mtu anayechukua sheria mkononi. Raia wa kawaida akisingiziwa hutaja alipokuwa, huleta mke, jirani, risiti. Batman hana anwani wala jina halali, na kila ushahidi wake ulichukuliwa bila kibali. Hawezi hata kusema: nilikuwa kule juu nawapiga wengine. Utetezi wake nao ni kosa la jinai.

Diwani

Arthur Reeves ndiye injini ya kesi hii, na waandishi wamemchora kwa uangalifu kuliko anavyopewa sifa. Ni diwani kijana, nadhifu, mwenye meno ya kampeni. Baada ya kifo cha Chuckie anasimama mbele ya waandishi wa habari, Gordon, kamishna wa polisi, akiwa kando yake, na kumtangaza Batman kuwa hatari kwa mji. Gordon anakataa pale pale: Batman haui. Akishinikizwa aongoze msako, anajitoa. Msako unaishia mikononi mwa mpelelezi wa polisi Harvey Bullock, ambaye hakuwahi kumpenda Batman hata kwenye siku nzuri.

Mara ya kwanza unaweza kudhani Reeves ni mwanasiasa tu anayetafuta kura, aina inayojulikana kila mahali. Filamu inafunua pole pole kuwa ana la kuficha. Zamani alikuwa mwanasheria kijana katika ofisi ya Carl Beaumont, baba yake Andrea. Beaumont alikuwa ameiba fedha za Salvatore Valestra, mkuu wa genge, na alipobanwa alikimbilia Ulaya na binti yake. Reeves alipoishiwa fedha za kampeni yake ya kwanza, na Beaumont alipomnyima, aliuza mahali walipojificha. Genge likatuma mtu. Beaumont akauawa.

Sasa rudi kwenye ule mkutano na waandishi. Waliokufa, Chuckie na Bronski, ni washirika wa mauaji ya Beaumont. Reeves anawajua. Ana kila sababu ya kutaka maswali juu ya vifo vyao yaishie haraka kwa mtu asiyehusiana na siku zile. Filamu haisemi kwamba alipanga kumsingizia Batman, na pengine hakupanga. Alilipokea jina lililokuwa likielea mtaani na kulipigia mhuri. Mgongano wa maslahi ndivyo unavyofanya kazi kwenye kesi za kubambikiwa. Si lazima mtu atunge uongo. Inatosha asiuchunguze uongo unaomfaa.

Valestra mwenyewe, mzee sasa, anapumua kwa mtungi wa oksijeni, anamwendea Reeves kuomba msaada maana ameona zamu yake inakuja. Diwani hataki hata kuonekana naye. Mzee anaamua kwenda kwa Joker, adui mkubwa wa Batman.

Mtu mmoja aliyepima ushahidi

Hapa filamu inafanya kinaya kikubwa kuliko vyote, na inapita kwa kasi kiasi kwamba watu hulisahau. Katika Gotham nzima, mtu wa kwanza kuipima dhana kwamba Batman ndiye muuaji ni Joker.

Valestra anamfuata kwenye maonyesho ya kale yaliyotelekezwa, yaliyokuwa yakionyesha jinsi dunia ya kesho itakavyokuwa, na kumpa kazi ya kummaliza Batman. Joker hamkatalii. Anamuua Valestra kwa sumu yake, ile inayoacha maiti ikiwa imetoa meno yote kwa kicheko, anaikalisha kwenye kiti ikiwa na gazeti usoni, anatega bomu, na anatega kamera. Muuaji anaingia kwa mzee, anaondoa gazeti, anakutana na lile tabasamu. Joker, akiangalia mbali kupitia kamera, anaona alichotaka kuona: huyu si Batman. Mjini kuna sura mpya.

Chukua muda kidogo kwenye mtego huo, kwa sababu una kila kitu ambacho upelelezi wa polisi haukuwa nacho. Kuna chambo: inajulikana nani atafuatia kwenye orodha. Kuna chombo kinachoona karibu na kwenye mwanga, badala ya shahidi aliye chini barabarani. Na mtazamaji yuko tayari kubadili mawazo akiona vingine. Polisi wangeweza kufanya hivyohivyo bila kumuua mzee: wamweke chini ya ulinzi, wawashe taa, wasubiri. Walikuwa na majina mawili ya marehemu na historia ya genge; jina la tatu halikuhitaji ramli.

Baada ya hapo Joker anamtembelea Reeves ofisini. Naye anakosea, lakini kwa mantiki: anamshuku diwani kwamba anasafisha njia yake kwa kuwaondoa marafiki wa zamani wanaoweza kumtaja. Kisha simu inaingia, upande wa pili ni Andrea Beaumont, na Joker anajumlisha. Mtoto wa Carl yuko mjini. Kwa hiyo jambazi ndiye anayefikia jibu sahihi kabla ya Batman, mpelelezi bora duniani, na ana sababu: yeye ndiye, kabla hajawa Joker, aliyetumwa kumuua Beaumont. Reeves anaachwa na sumu mwilini, anacheka bila kuweza kuacha.

Usiku wa msako

Bomu la nyumbani kwa Valestra linapolipuka, muuaji ameruka dirishani na Batman yuko nyuma yake juu ya mapaa. Helikopta za polisi zinafika na kuelekeza taa, na taa zinampata yule asiyehusika. Muuaji anapotelea kwenye moshi wake; Batman anabaki kwenye duara la mwanga.

Kinachofuata kwenye eneo la ujenzi ni sehemu iliyochorwa vizuri kuliko nyingine zote kwenye filamu, na ndiyo inayofaa kuangaliwa taratibu. Kikosi chenye silaha nzito kinaingia kwenye jengo lisilomalizika. Risasi zinatoboa, milipuko inamrusha, damu inaonekana. Kwenye televisheni kundi hili lilikuwa limefungwa mikono na kanuni za vipindi vya watoto: damu kidogo sana, vifo karibu hakuna. Kwenye sinema walipewa nafasi, na walichofanya nayo ni kumjeruhi stelingi kwa mikono ya polisi, si ya adui. Batman anayejikokota gizani, ameshika ubavu, hatumii hata silaha moja kumdhuru askari. Mwishoni anafanya kitu ambacho Batman hafanyi: anavua joho na kinyago na kuviacha kama chambo. Polisi wanakuta nguo. Bruce Wayne anatoka kwenye uchochoro uso wazi, akivuja damu, ving'ora kila upande, na gari linasimama mbele yake. Andrea anafungua mlango.

Ni uokoaji wenye ladha chungu ukishajua. Aliyemchukua ndiye aliyemponza.

Kosa la mpelelezi

Muuaji ni Andrea. Aliwaua Chuckie na Bronski na kumfuata Valestra kwa sababu ya baba yake. Na hapa ndipo waandishi wanamgeuzia Batman kibao: aliyesingiziwa kwa sababu ya umbo anamsingizia mwingine kwa sababu ya hesabu iliyopungua namba moja. Anapopata picha ya zamani ya Valestra, Chuckie, Bronski na Beaumont wakiwa pamoja, na Andrea anapompa habari za baba yake aliyeapa kujinasua kutoka kwa genge, Batman anahitimisha kwamba muuaji ni Carl Beaumont. Carl ni marehemu wa siku nyingi.

Mtazamaji anadanganyika naye, kwa mbinu tatu.

Ya kwanza ni sauti. Stacy Keach ameigiza sauti ya Carl Beaumont na pia sauti ya mwenye kinyago. Sikio linaunganisha bila wewe kujua, linakwenda kwa baba. Ni mbinu halali, ingawa ni ya ukatili kidogo, kwa sababu katuni haina ushahidi mwingine wa mwili zaidi ya sauti. Uso unachorwa, sauti ndiyo nyama pekee ya mtu halisi iliyomo.

Ya pili ni saa. Andrea anaonyeshwa kwenye ndege akiingia Gotham baada ya Chuckie kufa. Tunamwondoa kwenye orodha wenyewe. Baadaye Batman anamwambia wazi kuwa alikuwa ameingia mjini mapema, kwa ajili ya Chuckie. Waandishi hawakudanganya, walionyesha ndege, sisi ndio tuliosema ni safari ya kwanza.

Ya tatu inawapata wasomaji wa vitabu vya katuni tu. Mwaka 1987 Mike W. Barr aliandika Batman: Year Two, ambamo kuna muuaji mwenye kinyago cha fuvu na miundu mikononi, naye ni baba wa mchumba wa Bruce. Filamu imechota hapo, na aliyesoma aliingia ukumbini akiwa na jibu mfukoni: ni baba. Wakamgeuza kuwa binti.

Kwa bahati mbaya kazi yote hiyo ilitibuliwa na duka la wanasesere. Kampuni ya Kenner ilitoa mwanasesere wa Phantasm mwenye kinyago cha kuvuliwa, na kwenye pakiti yenyewe kinyago kimevuliwa, uso wa mwanamke unaonekana. Mtoto aliyemsubiri baba alipie kwenye kaunta alijua muuaji kabla ya Batman.

Kalamu nyekundu

Kesi inafunguka kwa njia ndogo kabisa. Kwenye picha ile ya zamani kuna kijana mwingine, mtu wa kazi chafu wa Valestra, asiye na jina. Batman anachukua kalamu nyekundu na kumchorea tabasamu pana. Ni Joker. Mstari mmoja wa wino unafunga vifo vya leo na kifo cha Beaumont kwenye fundo moja, na pia unaeleza kwa nini Joker amejiingiza kwenye shauri lisilomhusu.

Kisha anakwenda kwa Reeves hospitalini, usiku, na kumhoji akiwa kitandani. Diwani anakiri huku anacheka, kwa kuwa sumu haimwachii. Kama maungamo ya kisheria hayafai kitu: yametolewa kwa vitisho, na mtu ambaye si askari, kutoka kwa mgonjwa mwenye sumu mwilini. Kama taarifa, ni dhahabu. Sauti ya Kevin Conroy, aliyekuwa Batman wa kundi hili hadi miaka mingi baadaye na kufariki Novemba 2022, hapo haipandi hata kidogo. Anauliza chini kwa chini, na mwigizaji wa Reeves, Hart Bochner, anapasua kila neno kwa kicheko kisichokuwa na furaha. Sikiliza tukio hilo bila kuangalia picha.

Pengo

Baada ya hapo filamu inahamia kwenye maonyesho yaliyotelekezwa. Andrea, Joker na Batman wanamalizana kati ya majengo madogo ya mfano, Batman na Joker wakiwa kama majitu juu ya mji wa kuchezea. Milipuko inaanza, Andrea anamshika Joker na kutoweka naye kwenye moshi, Batman anaokoka kwa maji. Polisi hawamo. Hakuna shahidi. Gotham haipati kuambiwa kwamba kulikuwa na mtu wa pili mwenye joho.

Na tuhuma? Haifutwi. Hakuna mkutano wa pili wa waandishi wa habari, hakuna kauli ya Gordon, gazeti halisahihishi. Filamu iliyotumia nusu ya kwanza kujenga msako inauacha kama mwavuli uliosahauliwa kwenye basi.

Unaweza kuwatetea waandishi. Dakika 76 ni chache, hasa zikigawanywa kati ya kesi ya leo na kisengerenyuma cha mapenzi kinachorudi mara kwa mara: Bruce kijana na Andrea makaburini, usiku wake wa kwanza wa kupambana na majambazi akiwa na kofia ya kuficha uso isiyomtisha yeyote, uchumba, pete iliyorudishwa. Kazi yenyewe ilianza kama filamu ya mikanda ya video ya nyumbani, kisha studio ikaamua iende sinema huku muda wa kuikamilisha ukiwa chini ya mwaka. Kitu kilichopaswa kukatwa kilikatwa, na kati ya kumaliza mapenzi na kumaliza kesi wakachagua mapenzi. Walichagua sawa. Hata hivyo pengo ni pengo, na dakika moja ya Gordon na jalada mkononi ingeliziba.

Utetezi wenye nguvu zaidi ni mwingine. Kesi hii haikusimama kwa ushahidi, kwa hiyo haikuhitaji ushahidi ili ianguke. Ilishikiliwa na mtu mmoja mwenye kipaza sauti. Reeves yuko kitandani anacheka, kipaza sauti hakina mwenyewe, na Gordon hakuwahi kuamini toka mwanzo.

Kwenye sinema filamu ilikusanya kama dola milioni 5.6 dhidi ya gharama ya takriban milioni 6, matangazo yakiwa haba na wengi wakiwa hawana habari kuwa ipo. Wakosoaji Gene Siskel na Roger Ebert walikuja kuisifu miaka miwili baadaye, ikiwa imeshahamia kwenye video, huku wakijuta kuikosa ukumbini. Septemba 2023, ikitimiza miaka 30, ilitolewa upya kwa ubora wa 4K, na kwenye nakala hiyo weusi wa karatasi ya Radomski unaonekana kama ulivyokusudiwa: ukikazia macho maegeshoni, utagundua ni kiasi kidogo mno cha Batman kinachoonekana kutoka barabarani.

Picha za mwisho ni mbili. Andrea yuko peke yake kwenye meli. Batman amesimama juu ya paa, na angani inawaka taa ya Popo, ile ambayo polisi humwitia. Kwenye majalada ya polisi wa Gotham, Chuckie Sol na Buzz Bronski wana mtuhumiwa mmoja, na ndiye huyo anayeitwa kazini.